Bahari inapobisha hodi shambani

JE, mpenzi msomaji, umewahi kuhesabu minazi ya shamba la kwenu ukakuta hesabu haitimii?

Tulipokuwa watoto, kila likizo ya Desemba ilipowadia mama alitufungasha virago akatupeleka kwa babu, katika kijiji kimoja cha wavuvi kaskazini mwa Mombasa. Shamba la babu lilianzia kwenye njia ya magari likateremka taratibu hadi ufuoni, na kule mwisho, kabla hujakanyaga mchanga, palikuwa na safu saba za minazi. Ninajua zilikuwa saba kwa sababu tulikuwa na mchezo wetu wa kufukuzana kutoka safu ya kwanza hadi ya mwisho, na aliyeguswa kabla ya kuifikia safu ya saba ndiye aliyekwenda kisimani jioni kuteka maji. Mwaka jana nilishuka tena kule nikahesabu safu tatu. Hiyo ya tatu yenyewe ilikuwa ukingoni kabisa, mizizi yake ikining'inia hewani kama nyuzi za mkeka uliofumuka.

Hakuna mtu aliyeikata minazi ile. Ilichukuliwa na bahari, mnazi mmoja mmoja, na kisima nacho kikafuata. Ukienda maji yakiwa yamekupwa utaliona duara la mawe yake limesimama peke yake mchangani, hatua thelathini mbele ya ukingo wa shamba, na watoto wa siku hizi hulipanda na kuruka kutoka juu yake bila kujua kwamba bibi zao walikuwa wakiteka maji ya kunywa pale.

Babu aliaga dunia zamani, na anayesimamia mali ya ukoo sasa ni mjomba. Mjomba ameamua shamba liuzwe. Simlaumu sana, maana ana watoto wawili chuoni na uvuvi haulipi kama zamani. Mnunuzi naye amepatikana, bwana mmoja mstaarabu kutoka Nairobi anayetaka kujenga nyumba ya kustaafia. Alikuja kuliona shamba mwezi wa Januari, pepo za kaskazi zikivuma polepole, saa nne ya asubuhi, maji yamekupwa na mchanga mweupe umetanda mbali. Akavua viatu. Akapiga picha. Mjomba akatukonyeza sote tunyamaze.

Mama hakunyamaza, lakini hayo nitayarudia. Kwanza nataka kukueleza, ndugu msomaji, yale niliyojifunza nilipoanza kuuliza zile safu nne za minazi zilikwenda wapi. Huenda nawe una kiwanja ufuoni, au unataka kukinunua, au una jamaa anayelala kila usiku akisikiliza mawimbi yakisogea.

Mchanga ni msafiri

Wengi wetu tunadhani ufuo ni mahali, kama vile uwanja wa mpira ulivyo mahali. Kumbe ufuo ni mchanga ulio safarini, na kile tunachokiona leo ni kituo tu.

Mchanga wa pwani yetu una wazazi wawili. Mmoja ni mto. Tana na Sabaki huteremsha udongo kutoka nyanda za juu na kuumwaga baharini. Mzazi wa pili ni mwamba. Matumbawe, makombe na mimea ya baharini yenye chokaa hufa, huvunjika, husagwa na mawimbi miaka nenda miaka rudi, hadi kuwa ule mchanga mweupe wa Diani, Tiwi na Watamu ambao watalii huvuka bahari kuja kuulalia.

Baada ya kuzaliwa, mchanga hautulii. Pepo za kusi zikishika kuanzia mwezi wa Aprili, mawimbi huja kwa upande na kuusukuma kuelekea kaskazini. Kaskazi ikirejea mnamo Novemba au Desemba, bahari hutulia na sehemu ya mchanga hurudi. Ndiyo maana mgeni akiamka mwezi wa Julai akakuta ngazi za hoteli yake zinaning'inia bila cha kukanyagia, mwenyeji humwambia asiwe na wasiwasi, mchanga wake umekwenda matembezi. Ni kama kile chama cha akina mama cha kuchangiana pesa: mwezi huu unatoa, mwezi ujao unapokea. Taabu huanza siku wanachama wote wanapotaka kupokea na hakuna anayetoa.

Nitakupa mifano miwili ya mito hiyo, kwani imenishangaza. Huko Malindi bahari haikuli. Badala yake imerudi nyuma. Mto Sabaki, ambao huko juu huitwa Athi na baadaye Galana, humwaga udongo mwingi hivi kwamba msimu wa mvua maji ya bahari hugeuka rangi ya chai ya maziwa. Udongo huo umeupanua ufuo wa Malindi, na kuna hoteli zilizojengwa karibu na maji ambazo leo mgeni hutembea mwendo mzuri kabla hajalowesha kidole. Wenye hoteli wananung'unika kwamba bahari imewakimbia, huku sisi wengine tunalia kwamba inatufuata! Bwawa la Thwake, ambalo ujenzi wake ulianza mwaka 2018 huko Ukambani, liko kwenye mto huo huo, na ningependa kujua ni nani aliyekaa kitako akapiga hesabu ya mchanga ambao Malindi itaukosa.

Mfano wa pili ni Kipini, pale Tana inapoingia baharini baada ya safari ya karibu kilomita 1,000. Kipini ulikuwa mji wa kiserikali wakati wa ukoloni. Leo bahari imekwisha kula nyumba, minazi na hata majengo ya enzi hiyo, na wenyeji wamekuwa wakihama kurudi nyuma, kisha wanahama tena. Kule juu kwenye Tana kuna mabwawa matano ya umeme, la kwanza likiwa Kindaruma la mwaka 1968, na kubwa kupita yote ni Masinga lililokamilika mwaka 1981. Bwawa hukamata maji, lakini pia hukamata mchanga. Sitasema kwamba mabwawa peke yake ndiyo yaliyoila Kipini, kwa sababu Tana ni mto uliozoea kuhamisha mdomo wake na Ghuba ya Ungwana iko wazi kwa upepo. Hata hivyo, mtu anayewasha taa Nairobi na mtu anayehamisha kitanda Kipini wameunganishwa na mto mmoja, na hawajuani.

Kimo cha jiwe moja

Sasa tuje kwa hili neno lililo vinywani mwa kila mtu, mabadiliko ya tabianchi. Nakiri kwamba mimi huwa na shaka nikilisikia likitajwa na kila mwanasiasa, maana limekuwa gunia la kutupia makosa yote. Daraja likibomoka ni tabianchi. Mtaro ukiziba ni tabianchi. Lakini kwa habari ya ufuo, jambo hili ni la kweli na linaweza kuelezwa bila fumbo lolote.

Tunachoma makaa ya mawe, petroli na misitu, na moshi wake huifanya dunia iwe kama nyumba iliyofungwa madirisha yote. Sehemu kubwa kabisa ya joto hilo huingia baharini. Maji yakipata joto hufura, kama uji unavyopanda kwenye sufuria, na papo hapo barafu ya milimani na ile ya nchi za ncha za dunia, kama vile Greenland, inayeyuka na kuongezea. Kati ya mwaka 1901 na 2018 bahari za dunia zilipanda kwa wastani wa sentimita 20. Isitoshe, mwendo unazidi: katika miaka ya mwisho ya kipindi hicho zilikuwa zikipanda karibu milimita 4 kwa mwaka, zaidi ya mara mbili ya kasi ya mwanzoni.

Utasema, sentimita 20 ni nini? Ni kimo cha jiwe moja la kujengea nyumba. Katika bandari ya Mombasa, kati ya maji kupwa na maji kujaa wakati wa bamvua, tofauti hufikia karibu mita 4. Hata mimi niliuliza swali hilo hilo.

Jibu lake ni hili. Fikiria mtoto mdogo na sahani ya halua juu ya kabati. Kila siku ananyoosha mkono na kila siku vidole vyake vinaishia chini kidogo ya sahani. Sasa mwekee jiwe moja tu la kusimamia. Hakurefuka hata kidogo, lakini halua imekwisha. Bahari ndiye mtoto huyo. Bamvua kali ambayo zamani ilifika kwenye shina la mnazi mara moja baada ya miaka kadhaa, ikipandishwa kwa jiwe moja itafika kila mwaka, na hatimaye mara kadhaa kwa mwaka. Mnazi huweza kustahimili kuoshwa mara moja. Hauwezi kustahimili kuchimbwa miguuni kila msimu wa kusi.

Kisha kuna hesabu ya mteremko. Ufuo wa mchanga hauna ukingo kama ngazi; huteremka polepole sana, kwa hiyo maji yakipanda kidogo husogea mbele mwendo mrefu. Tangu miaka ya 1960 wahandisi wa pwani wana kanuni ya kukadiria kwamba kwa kila sentimita moja ambayo bahari inapanda, ufuo wa mchanga unaweza kurudi nyuma kati ya nusu mita na mita nzima. Ni makadirio tu, na hayafai kwenye majabali ya matumbawe kama yale ya Kilifi, wala mahali mto unapoleta mchanga mpya kama Malindi. Lakini chukua zile sentimita 20 uzidishe. Utapata mita 10 hadi 20. Safu za minazi hupandwa kwa kuachana mita nane au tisa hivi. Nilipofanya hesabu hiyo mezani kwangu, nilinyamaza kidogo, maana ilieleza safu mbili. Zile nyingine mbili zilizopotea zilikuwa na mwizi mwingine.

Mlinzi aliyeungua

Kabla hatujamfikia mwizi huyo, yuko mlinzi wa kutajwa. Sehemu kubwa ya pwani yetu, kuanzia kusini ya Diani hadi Malindi, ina mwamba wa matumbawe unaokwenda sambamba na nchi kavu. Simama Nyali au Bamburi utaona mstari mweupe wa povu mbali baharini. Pale ndipo wimbi lililotoka katikati ya Bahari Hindi linapovunjwa mgongo. Linalofika ufuoni ni mabaki yake tu. Mwamba huo ni ukuta ambao hatukulipia hata senti moja, na tena hujijenga wenyewe, kwa sababu uko hai.

Unapungukiwa na uhai. Matumbawe hayapendi joto. Maji yakizidi kiasi kwa majuma kadhaa, hupoteza vile viumbe vidogo vinavyoyapa rangi na chakula, yakawa meupe kama mifupa. Mwaka 1998, baada ya ile El Niño ambayo wengi wetu twaikumbuka kwa mvua na barabara kukatika, sehemu kubwa ya matumbawe ya pwani ya Kenya ilikufa, hata ndani ya hifadhi za Malindi na Watamu zilizolindwa tangu mwaka 1968. Kuna mahali yalipoanza kupona, joto likarudi tena mwaka 2016, na likaja jingine mwaka 2024. Mwamba uliokufa hausimami milele. Hulika, hubomoka, na hauwezi kukua ili kuifuata bahari inayopanda. Kwa hiyo mawimbi hupita juu yake yakiwa bado na nguvu, na ule mchanga mweupe nao hupoteza mzazi wake mmoja.

Ukuta wa jirani

Mwizi wa pili alikuja na lori la mawe. Upande wa kusini wa shamba letu palinunuliwa na mtu wa hoteli, ambaye sitamtaja. Alipoona ngazi zake zinaning'inia hakungoja kaskazi iurudishe mchanga. Alijenga ukuta wa mawe na saruji, mrefu kuliko mtu, sambamba na bahari. Babu, wakati huo akiwa mzee wa mkongojo, alikwenda kuutazama na kuusifu. Baada ya misimu mitatu ya kusi alikuwa hataki kuusikia.

Wimbi likipanda ufuo wa mchanga huchoka lenyewe. Linapanda mteremko, maji yanazama mchangani, nguvu inakwisha. Wimbi hilo hilo likigonga ukuta halichoki. Hurudi kwa kishindo na kuukokota mchanga ulio mbele ya ukuta. Baada ya muda mwenye ukuta anabaki na nyumba salama na ufuo hana. Maji yakijaa hugonga jiwe tupu, na mgeni aliyelipia kutembea mchangani hutembea kwenye baraza. Aidha, ule mchanga uliokuwa nyuma ya ukuta sasa umefungwa. Ulikuwa akiba ya chama kizima, umewekwa kwenye kabati la mtu mmoja. Na pale ukuta unapoishia, mawimbi huzunguka kona na kuchimba shamba la jirani. Kwa kuwa kusi huusukuma mchanga kwenda kaskazini, jirani anayeumia zaidi ni wa kaskazini. Yaani sisi.

Jirani huyo aliyeumizwa hufanya nini? Naye hujenga ukuta. Ukitembea ufuo wa Bamburi hadi Shanzu wakati maji yamejaa utaona jambo hili lilikofika: kuta za kila namna, mawe, mifuko ya mchanga, magurudumu ya lori, kila mtu akimsukumia mwenzake bahari.

Sisemi kila ukuta ni dhambi. Fort Jesus ilianza kujengwa na Wareno mwaka 1593 juu ya jabali la matumbawe, na bahari imekuwa ikilila jabali hilo kwa chini. Ngome haiwezi kubebwa ikasogezwa, tena tangu mwaka 2011 imo katika orodha ya urithi wa dunia. Ukuta uliojengwa kuikinga na mawimbi ulikuwa na hoja. Vivyo hivyo Dar es Salaam, ambako kuta mpya zilifunguliwa mwaka 2018 kukinga barabara na mtaa wa Kigamboni. Mji mkubwa hauna pa kurudi. Lakini nyumba ya wikendi ya mtu mmoja, kwa hasara ya kijiji kizima? Hapo nina neno.

Majirani zetu wa Tanzania wamekwisha pitia somo hili. Kunduchi, kaskazini ya Dar es Salaam, ulikuwa ufuo wa fahari. Watu wakachimba mchanga wa kujengea kwenye vijito vinavyoulisha ufuo ule, wengine wakavua kwa baruti na kuuvunja mwamba. Mchanga wa mtoni umekatwa, mlinzi wa baharini ameuawa, na bahari ikaanza kumeza ardhi hata hoteli moja mashuhuri ikaachwa magofu. Hayo yalitokea kabla neno tabianchi halijaingia magazetini. Na nje ya Pangani kuna Maziwe, kisiwa kidogo kilichokuwa na miti na kusifika kwa kasa waliopanda kutaga mayai. Miti ikatoweka, kisiwa kikafuata. Leo ni fungu la mchanga tu; maji yakijaa hulioni.

Walioacha bahari ipumue

Ili usidhani nimekuja kukutia huzuni Jumapili nzima, hebu twende Gazi, Kwale. Katika miaka ya 1970 mikoko ya pale ilikatwa kwa wingi kuwa kuni za viwandani. Penye mikoko iliyokatwa upande wa bahari, mchanga ulihama na ukingo ukaanza kuliwa. Kuanzia miaka ya 1990 watafiti na wanakijiji wakapanda upya, wakijifunza kwa makosa kwamba kila mti una mahali pake: mlilana hutangulia mbele majini, mkoko hufuata, mkandaa na mchu hukaa nyuma. Ukipanda mkoko pale pa mlilana, wimbi linaung'oa. Mwaka 2013 mradi wao wa Mikoko Pamoja ulianza kuuza nje hewa chafu ambayo miti yao inainyonya, na fedha zikaingia kwenye maji ya bomba na shule. Wanawake wa Gazi wamejenga hata daraja la mbao la kutembezea wageni katikati ya mikoko.

Lakini mikoko si dawa ya kila ufuo. Inataka tope na maji yaliyotulia. Ukiipanda mbele ya mchanga ulio wazi kama wetu, unatupa miche baharini. Pale kinachofaa ni mivinje kwa mbali kidogo, na mbele yake ule mlakasa, mmea utambaao wenye maua ya zambarau, ambao wenye hoteli huung'oa kila asubuhi wakidhani ni uchafu. Mlakasa hushika mchanga kama mkono. Unaona ajabu hii? Mtu hung'oa walinzi wake, kisha hununua saruji.

Ukitaka kununua

Basi wewe mwenye pesa zako za kustaafu, usikionee kiwanja cha ufuoni mapenzi ya mara ya kwanza. Usiende Januari. Nenda Juni au Julai, siku mbili baada ya mwezi mpevu, saa kumi na saa kumi na moja jioni, maana Mombasa maji ya bamvua hujaa saa hizo. Tazama minazi: ukiona mizizi nje, au shina limelala mchangani, bahari imekwisha piga hodi. Tazama kama majirani wana kuta, hasa upande wa kusini. Waulize wazee wanaoshona nyavu, si dalali, kisima cha zamani kilikuwa wapi.

Halafu chukua hati ya ardhi uende kwa masorovea. Eka zilizoandikwa kwenye hati zilipimwa siku ya kupimwa. Bahari haiheshimu muhuri. Kuna watu wanaolipia eka tatu, na moja kati ya hizo inaogelea. Sheria ya upimaji inataka kwamba ardhi ya serikali inapogawiwa ufuoni, kwa kawaida ukanda wa mita 60 juu ya kiwango cha maji makuu uachwe. Waliotunga kanuni hiyo hawakuwa wakifikiria barafu ya Greenland, lakini walijua bahari inahitaji uwanja wa kuchezea. Mita hizo zimemegwa na kugawiwa wakubwa mara ngapi, wasomaji wa magazeti wanajua. Na ukishawishika kujenga ukuta, kumbuka kwamba kazi kama hiyo inahitaji kupimwa athari zake kwa mazingira chini ya sheria ya mwaka 1999, na jirani ana haki ya kusikizwa. Babu hakujua hilo. Hakuna aliyemwambia.

Jenga nyuma, mbali kadiri kiwanja kinavyokuruhusu. Utatembea zaidi kwenda kuoga, lakini nyumba utamwachia mjukuu.

Sasa nirudi kwa mjomba. Jioni ile mnunuzi alipoondoka, tulikaa barazani, na mama akasema mbele ya wote, "Kaka, pesa ya mtu aliyefichwa sitaila. Kama ni kuuza, mwambie kisima kilikuwa wapi." Mjomba akajibu kwa ukali kwamba dukani hakuna mwenye kumwonyesha mteja sahani iliyopasuka, na kwamba bwana yule ni msomi, ana macho. Mama hakubishana naye. Alisimama akaenda chini ya mkwaju, kwenye kaburi la bibi, akaanza kuhesabu hatua kutoka pale hadi ukingoni. Zilikuwa kumi na moja. Babu alipomzika bibi pale, kaburi lilikuwa katikati ya shamba.

Mjomba alimtazama akihesabu. Siku ya pili alimpigia simu yule bwana wa Nairobi mbele yetu, akamwambia kwamba kabla ya kuandikiana chochote ingekuwa vizuri aje tena bamvua ya mwezi wa saba, jioni, aje na viatu vya maji. Bwana akauliza kuna nini. Mjomba akasema, njoo uone kwa macho yako, na kuna kisima nataka kukuonyesha.

Akasema atafikiria. Sisi tumekwisha anza kuuliza kwa kadhi na kwa afisa wa afya jinsi ya kulihamisha kaburi.